Kubalansi milinganyo ya kemia: kwa macho, kwa aljebra, kwa namba za oksidesheni au kwa nusu-nusu, ushike ipi?

Chukua huu mlinganyo hapa, shaba na asidi ya naitriki iliyozimuliwa:

Cu + HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + NO + H₂O

Ukiuona maabara unapendeza kweli, kipande cha shaba kinaanza kutoa mapovu, maji yanageuka bluu, na ile gesi ya NO ambayo haina rangi ikipanda tu juu ikakutana na hewa inakuwa ya kahawia. Ukiuona kwenye karatasi ya mtihani haupendezi hata kidogo. Mimi ulinitoa jasho, nilijaza ukurasa mzima namba zilizokatwa-katwa na bado oksijeni haikukaa, na hapo ndo nikaja kujua kumbe njia za kubalansi ziko kama nne hivi, ila kila ticha anakuja na yake moja anakwambia shika hii zingine achana nazo. Sasa nazipitisha zote nne kwenye huo huo mlinganyo, pamoja na mingine michache ambayo kila njia ama inaipenda ama inaikimbia, we mwenyewe utaona ipi inakuingia.

Kubalansi ni kufanya atomu za kila elementi ziwe sawa idadi kushoto na kulia. Kitu kimoja kwanza maana hiki hakibadiliki utumie njia yoyote: unagusa namba za mbele tu. Zile ndogo za chini ni mali ya fomula. Ukiona oksijeni imepungua upande wa maji ukaamua kuweka 2 pale chini, hujabalansi maji, umeyamwaga ukaleta H₂O₂, ambayo ni hidrojeni paroksaidi, ile ya kusafishia vidonda na kupaushia nywele. Inaonekana utani ila kwenye karatasi za wanafunzi ndo kosa namba moja, na hakuna njia kati ya hizi nne itakayokuokoa ukishalifanya.

Kwa macho

Hii ndo kila mtu anaanza nayo, unaangalia, unaweka namba, unahesabu, unarekebisha. Watu wanaidharau eti ni ya kubahatisha, lakini ikifanywa kwa mpangilio haina bahati nasibu yoyote. Mpangilio wenyewe ni kwamba unaanza na fomula iliyojaa vitu vingi kuliko zote, na kile kilichosimama peke yake, O₂ au H₂ au Cl₂ au kipande cha metali, unakiacha mwisho kabisa, kwa sababu ukikibadilisha hicho hakimgusi mwingine yeyote. Wengi wanafanya kinyume, wanaanza na oksijeni kwa sababu ndo wameiona kwanza, halafu wanashangaa mbona kila wakishika huku kunachomoka kule.

Angalia butani ikiungua:

C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kaboni ziko 4, weka 4CO₂. Hidrojeni 10, weka 5H₂O. Sasa oksijeni za kulia ni 8 jumlisha 5, yaani 13, na kushoto zinakuja mbili-mbili, hapo ndo mtu anapagawa. Usipagawe, weka sita na nusu, 6½O₂, mlinganyo umekaa, halafu zidisha kila kitu kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Nusu haina ubaya. Ukifika kwenye mada ya joto la mmenyuko utakuta nusu zimeandikwa na kuachwa hivyo hivyo, kwa sababu pale wanataka mole moja ya kitu kinachoungua, kwa hiyo anayekwambia nusu ni haramu anamaanisha tu kwamba kwenye jibu la mwisho la swali la kawaida uziondoe.

Ujanja mwingine wa macho ni kubeba kifurushi. Ukiona SO₄ imeingia kushoto na imetoka kulia ikiwa SO₄ vilevile, usiifungue uanze kuhesabu salfa peke yake na oksijeni peke yake, ihesabu kama kitu kimoja:

Al₂(SO₄)₃ + Ca(OH)₂ → Al(OH)₃ + CaSO₄

Al mbili, weka 2Al(OH)₃. SO₄ tatu, weka 3CaSO₄. Kalsiamu zimekuwa tatu, weka 3Ca(OH)₂. OH sita huku, sita kule, kwisha. Mtu akiufanya huu kwa aljebra namuonea huruma, ataandika mistari kumi kwa kitu cha sekunde ishirini.

Hata milinganyo inayotisha inakubali. FeS₂ ikichomwa inatoa Fe₂O₃ na SO₂. Fe kulia ni mbili, kwa hiyo 2FeS₂, salfa zinakuwa 4, weka 4SO₂, oksijeni kulia 3 na 8 ni 11, weka 5½O₂, zidisha kwa mbili: 4FeS₂ + 11O₂ → 2Fe₂O₃ + 8SO₂. Umeona, bado macho tu.

Sasa rudi kwa shaba yetu uone macho yanavyopotea. Naitrojeni kulia ziko 2 kwenye Cu(NO₃)₂ na 1 kwenye NO, jumla 3, kwa hiyo 3HNO₃. Hidrojeni 3, weka 1½H₂O. Oksijeni kushoto 9, kulia 6 na 1 na 1½, yaani 8½. Imebaki nusu inakuchungulia. Unasema haya nizidishe kwa mbili, kushoto 18, kulia 17, bado. Unaongeza NO moja, naitrojeni inaharibika, unaongeza HNO₃, hidrojeni inaharibika, unaongeza maji, oksijeni inaharibika tena, na umerudi ulipoanzia. Hukosei hesabu. Tatizo ni kwamba naitrojeni ya kushoto inagawanyika kwenda sehemu mbili kulia, na macho hayana namna ya kujua ngapi ziende wapi. Hiyo ndo alama ya kukumbuka: elementi ikitoka kwenye fomula moja ikaenda kwenye mbili, na hasa ikiwa huku ina hali moja ya oksidesheni na kule nyingine, macho yaweke pembeni.

Kwa aljebra

Hapa unaacha kukisia, kila fomula unaipa herufi:

aCu + bHNO₃ → cCu(NO₃)₂ + dNO + eH₂O

Halafu unaandika hesabu ya kila elementi. Shaba: a = c. Hidrojeni: b = 2e. Naitrojeni: b = 2c + d. Oksijeni: 3b = 6c + d + e. Herufi tano, milinganyo minne, kwa hiyo moja unaipa thamani mwenyewe, tuseme c = 1. Basi a = 1, b = 2 + d, e = (2 + d)/2. Peleka kwenye ya oksijeni, 6 + 3d = 6 + d + 1 + d/2, unapata d = 2/3, kisha b = 8/3 na e = 4/3. Zidisha zote kwa 3:

3Cu + 8HNO₃ → 3Cu(NO₃)₂ + 2NO + 4H₂O

Oksijeni kushoto 24, kulia 18 + 2 + 4 = 24. Imekaa!

Siku nilipoijua hii nilijiona nimeokoka. Haikuulizi kama unaelewa kinachoendelea kwenye chupa, haitaki ujue nani anapoteza elektroni, we lete hesabu tu. Kama hesabu ni damu yako na kemia inakukwepa, hii itakubeba mbali. Na haijali ukubwa wa mlinganyo, mkubwa utachukua muda zaidi ila utaratibu ni ule ule, ndo maana hata programu za kompyuta za kubalansi zinafanya hivi hivi ndani kwa ndani.

Ubaya wake wa kwanza ni muda na sehemu, maana d = 2/3 kwenye mtihani ukiwa na haraka ni mahali pazuri pa kukosea ishara. Huo ni mdogo. Ubaya wa pili ndo uliniumiza, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu sijaona watu wengi wakiusema.

Potasiamu pamanganeti na hidrojeni paroksaidi kwenye asidi ya salfuriki:

KMnO₄ + H₂O₂ + H₂SO₄ → K₂SO₄ + MnSO₄ + H₂O + O₂

Nilikuwa na zoezi lenye huu mlinganyo, nikaufanya kwa herufi zangu kwa mbwembwe, kuna mahali namba mbili zilikuwa hazijulikani badala ya moja, nikazipa zote thamani nilizotaka mimi, nikapata hivi:

2KMnO₄ + H₂O₂ + 3H₂SO₄ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 4H₂O + 3O₂

Hesabu mwenyewe. K mbili na mbili, Mn mbili na mbili, S tatu na tatu, H nane na nane, O ishirini na mbili na ishirini na mbili. Atomu zote zipo. Nikapigwa mkasi. Nikaenda kulalamika kwa ticha nikiwa na uhakika wote, nikarudi nimenywea, kwa sababu jibu ni hili:

2KMnO₄ + 5H₂O₂ + 3H₂SO₄ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 8H₂O + 5O₂

Na ukitaka kuchanganyikiwa zaidi, weka 7H₂O₂ upate 10H₂O na 6O₂, nayo inakaa sawa kwa atomu! Majibu hayaishi. Kwa nini? Kwa sababu paroksaidi inaweza kuvunjika yenyewe, 2H₂O₂ → 2H₂O + O₂, bila kumgusa mtu, na huo ni mlinganyo uliobalansi tayari, kwa hiyo unaweza kuujumlisha juu ya ule wa kweli mara nyingi utakavyo, atomu hazitalalamika. Ile ya 7 ni ile ya 5 na mbili zilizojivunja pembeni. Aljebra inahesabu atomu, elektroni haizioni kabisa. Angalia jibu langu lile la kwanza, H₂O₂ moja imetoa O₂ tatu, wakati gesi hiyo yote inatakiwa itoke kwenye paroksaidi, na paroksaidi moja ina oksijeni mbili tu. Jibu limekaa kihesabu na haliwezekani kikemia. Na ukilipeleka kwenye taitresheni (kupima kiasi cha kitu kwa kukimenyesha na kingine unachokijua kiasi chake) unaharibu mpaka mwisho, kwa sababu uwiano wa kweli ni 2 kwa 5 na we umetumia 2 kwa 1, jibu lako la kiasi cha paroksaidi linapungua mara tano.

Dawa ni kuhesabu kabla hujaanza. Fomula zenye herufi ni ngapi, elementi ni ngapi. Herufi zikizidi elementi kwa moja, kwa kawaida uko salama. Zikizidi kwa mbili, kama hapo ambapo herufi ni 7 na elementi ni 5, simama, aljebra peke yake haitakupa jibu moja.

Kwenye milinganyo ya ayoni (chembe zenye chaji) pia kuna mtego unaofanana na huo. MnO₄⁻ + Fe²⁺ + H⁺ → Mn²⁺ + Fe³⁺ + H₂O. Ukiandika 8H⁺ na 4H₂O na zingine ukaziacha moja-moja, atomu zote zimekaa, ila chaji kushoto ni +9 na kulia +5. Hapa aljebra inaokolewa kwa kuongeza mstari wa chaji kama vile ni elementi nyingine, na ukiuongeza unapata Fe ziwe 5 moja kwa moja. Lakini wangapi wanakumbuka kuuongeza?

Kwa namba za oksidesheni

Namba ya oksidesheni ni chaji ambayo atomu inahesabiwa kuwa nayo ndani ya fomula, ikipanda atomu imepoteza elektroni, ikishuka imepata. Hii njia kwa maoni yangu ndo inayoonewa kuliko zote. Watu wanaisoma wiki moja, wanafanya maswali ya "tafuta namba ya oksidesheni ya Mn", halafu wanaisahau kana kwamba haina kazi nyingine. Shaba yetu kwa njia hii ni mistari minne. Cu inatoka 0 kwenda +2, inapoteza elektroni 2. N inatoka +5 kwenye HNO₃ kwenda +2 kwenye NO, inapata 3. Ili zilizotoka ziwe sawa na zilizoingia, Cu ziwe 3 na NO ziwe 2. Basi Cu(NO₃)₂ nazo 3, naitrojeni jumla kulia ni 6 na 2, kwa hiyo 8HNO₃, hidrojeni 8, kwa hiyo 4H₂O. Oksijeni unaitumia kuhakiki tu, 24 na 24.

Na angalia imekuonyesha nini ambacho macho yalishindwa kukiona: kati ya zile asidi 8, ni 2 tu zilizofanya kazi ya kuoksidisha shaba, zile 6 zimekuja kama abiria, zimeingia naitreti (NO₃) zimetoka naitreti. Ndo maana macho yalikuwa yanazunguka. Aljebra nayo ilifika kwenye 8 lakini haikukwambia kwamba hiyo 8 ni 6 na 2.

Ile FeS₂ ya juu hapa ni tamu zaidi. Fe inatoka +2 kwenda +3, inapoteza 1, salfa mbili zinatoka -1 kwenda +4, kila moja 5, jumla 11 kwa kila FeS₂. O₂ inapata 4. Vuka, yaani ile 4 iende kwa FeS₂ na 11 kwa O₂: 4FeS₂ na 11O₂. Kuna watu watasema salfa pale ni -2 kwa sababu wamezoea hivyo, basi Fe itakuwa +4, inapata 1, na salfa zinapoteza 12, na ukitoa unapata 11 ile ile. Yaani umekosea kemia na jibu limekuja sawa, kwa sababu jumla ya fomula ni sifuri utakavyoigawa. Sikwambii ukosee makusudi, nakwambia tu njia yenyewe ina huruma.

Inapong'aa zaidi ni pale elementi moja inapojioksidisha (kupoteza elektroni) na kujirediusi (kupata elektroni) yenyewe. Klorini kwenye sodiamu haidroksaidi ya moto iliyokolea, Cl₂ + NaOH → NaCl + NaClO₃ + H₂O. Moja inashuka 0 kwenda -1, nyingine inapanda 0 kwenda +5, kwa hiyo tano zishuke kwa kila moja inayopanda: 3Cl₂ + 6NaOH → 5NaCl + NaClO₃ + 3H₂O. Mstari mmoja na nusu.

Ubaya wake? Lazima sheria zikae kichwani, oksijeni ni -2 isipokuwa kwenye paroksaidi ni -1 (na kwenye ule mlinganyo wangu wa aibu hiyo -1 ndo kila kitu, Mn inapata 5, paroksaidi moja inapoteza 2, 2 kwa 5 imekuja yenyewe), hidrojeni ni +1 isipokuwa ikiwa na metali tupu. Na kwenye ogania (misombo ya kaboni) inachosha, kaboni za butani kwa wastani ni -2.5, nani anataka kuanza kushika -2.5 wakati macho yanamaliza kwa sekunde kumi na tano.

Kwa nusu-nusu

Mlinganyo unaupasua vipande viwili, kimoja cha anayepoteza elektroni, kingine cha anayepata, unabalansi kila kimoja peke yake halafu unavirudisha pamoja. Shaba: Cu → Cu²⁺ + 2e⁻. Naitreti: NO₃⁻ → NO, naitrojeni ziko sawa, oksijeni zimepungua 2 kulia, ongeza 2H₂O, hidrojeni 4 ongeza 4H⁺ kushoto, chaji kushoto +3 kulia 0, ongeza 3e⁻ kushoto. Ya kwanza mara 3, ya pili mara 2, jumlisha:

3Cu + 2NO₃⁻ + 8H⁺ → 3Cu²⁺ + 2NO + 4H₂O

Abiria wale 6 wa naitreti ukitaka unawaongeza pande zote mbili unarudi kwenye fomula kamili. Umeona wamejitenga wenyewe.

Hii ndo ndefu kwa mwandiko kati ya zote nne, ila ndo pekee ambayo huhitaji kuambiwa H⁺ na maji yanakaa wapi, inayaleta yenyewe. Swali likikwambia tu daikrometi inageuka kuwa Cr³⁺ kwenye asidi, rangi ya chungwa inakuwa kijani, hakuna zaidi, zile njia zingine zinakutazama tu. Hii inaanza: Cr₂O₇²⁻ → 2Cr³⁺, na hapo hapo ndo wengi wanaanguka, wanasahau kwamba Cr ziko mbili, wanaandika Cr³⁺ moja wanakimbilia oksijeni, na kila kitu baada ya hapo ni takataka. Kromiamu kwanza. Halafu 7H₂O kulia, 14H⁺ kushoto, chaji kushoto -2 na 14 ni +12, kulia +6, tofauti 6, na elektroni ni hasi kwa hiyo zinaenda upande wenye chanya nyingi, 6e⁻ kushoto. Ukiunganisha na Fe²⁺ → Fe³⁺ + e⁻ mara sita:

Cr₂O₇²⁻ + 6Fe²⁺ + 14H⁺ → 2Cr³⁺ + 6Fe³⁺ + 7H₂O

Chaji +24 huku, +24 kule.

Kwenye alkali kuna watu wanakariri utaratibu mwingine kabisa wenye OH⁻ kutoka mwanzo, mimi nakushauri usijitese. Fanya kama vile ni asidi, mwisho ongeza OH⁻ pande zote mbili kulingana na idadi ya H⁺, H⁺ na OH⁻ zinakuwa maji, kata yanayojirudia. MnO₄⁻ + 4H⁺ + 3e⁻ → MnO₂ + 2H₂O inakuwa MnO₄⁻ + 2H₂O + 3e⁻ → MnO₂ + 4OH⁻. Kwisha habari.

Na kuna faida ambayo haihusiani na kubalansi kabisa. Ukifika kwenye betri na elektrolisisi, nusu hizi hizi ndo zinazoandikwa kwenye kila elektrodi, mtu aliyezizoea huku kule anateleza tu, aliyetumia aljebra miaka yote anaanza upya.

Sasa ushike ipi

Mimi sichagui njia, nachagua baada ya kuutazama mlinganyo. Kama kuna kitu kinaungua, au ni vifurushi vinabadilishana tu kama ile alumini na kalsiamu, macho, na usiruhusu mtu akwambie ni ya kitoto. Nikiona chaji zimeandikwa juu ya fomula, au neno asidi au alkali limetajwa bila H⁺ kuandikwa, nusu-nusu bila kufikiria mara mbili. Fomula zikiwa kamili, hazina chaji, ila kuna elementi inabadilika hali, kama shaba na asidi au klorini na alkali, namba za oksidesheni, ni nusu-nusu iliyofupishwa. Aljebra nimeiweka kama tairi la akiba, ipo kwenye buti, natoa pale ambapo nimekwama kabisa au sijui hali za oksidesheni na swali lina maksi mbili.

Kama una uwezo wa kujifunza mbili tu kabla ya mtihani, chukua macho na nusu-nusu, hizo zinafunika karibu kila kitu cha sekondari. Kama una usiku mmoja tu na nusu-nusu hujawahi kuigusa, usianze nayo leo, shika macho na aljebra, kumbuka mstari wa chaji, kumbuka kuhesabu herufi na elementi, na omba paroksaidi isitoke.

Ila na mimi nina mpaka. Kuna mlinganyo mmoja unapendwa sana na watu wanaotaka kutisha wenzao, potasiamu ferosayanaidi na pamanganeti kwenye asidi ya salfuriki:

10K₄Fe(CN)₆ + 122KMnO₄ + 299H₂SO₄ → 162KHSO₄ + 5Fe₂(SO₄)₃ + 122MnSO₄ + 60HNO₃ + 60CO₂ + 188H₂O

Herufi tisa, elementi nane, kwa hiyo jibu ni moja tu, aljebra iko salama, na hapo nafungua kompyuta bila aibu yoyote. Kazi yangu inabaki kuhakiki oksijeni: kushoto 488 na 1196, inakuja 1684. Kulia 648, 60, 488, 180, 120 na 188. Jumlisha.